Shajara ya mradi: vivuli vya asteroidi, Makunduchi hadi Kigomasha

Septemba 2025, kusi ikielekea kuisha

Mtaji wa mradi huu ni orodha ya majina tuliyoikusanya Forodhani usiku wa tarehe 7, mwezi ulipopatwa. Walioandikisha ni wa kila namna: wanafunzi wa SUZA (chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar), maalim wa fizikia wa Wete, fundi simu wa Darajani, muuguzi wa Chake Chake, wavuvi wa Nungwi, na bibi mmoja wa Mangapwani aliyesema wazi kwamba hesabu hajui ila usiku halali. Nimemwandika wa kwanza.

Tunachotaka kufanya ni hiki. Asteroidi, yaani jiwe linalozunguka jua, ikipita mbele ya nyota, nyota inazimika kwa sekunde chache kwa yule aliye ndani ya kivuli. Kivuli chenyewe kina upana unaokaribia upana wa asteroidi, maana nyota iko mbali mno na miale yake inatufikia ikiwa sambamba. Kila aliye ndani anapima muda wa giza lake. Kasi ya kivuli inajulikana, kwa hiyo muda unageuka kuwa kilomita, yaani urefu wa mstari mmoja unaolikata jiwe. Vipimo vya watu wengi vikipangwa kimoja juu ya kingine, umbo la jiwe ambalo kwenye darubini zetu ni nukta tu linaanza kuonekana kwenye karatasi.

Tatizo la kwanza si vifaa. Watu wetu wamezoea kutazama mbingu kwa kukusanyika: mwezi wa Ramadhani unatafutwa kwa pamoja, mwezi ukipatwa watu wanasali jamaa. Sasa mimi nawaambia usiku wa kazi kila mtu akae mbali na mwenzake, kilomita saba au nane, gizani, na thermosi yake. Vijana wa SUZA wakauliza kwa nini tusiende wote Paje, pana uwazi na chipsi zipo. Kwa sababu watu kumi waliokaa Paje wanapima mstari mmoja uleule mara kumi. Walinielewa, lakini hawakufurahi, na sidhani kama kuna njia ya kulifanya hilo lifurahishe. Tumekubaliana tu kwamba asubuhi ya kila tukio tukutane kwa supu, na hapo kila mtu aje na kipimo chake.

Oktoba

Nimekaa na ramani, na ramani imenipendeza kuliko nilivyotarajia.

Asteroidi nyingi za ukanda mkuu, ule ulio baina ya Mirihi na Mshtarii, zinazunguka karibu na njia inayopitwa na jua angani. Ndiyo maana vivuli vyao juu ya dunia hukata zaidi kwa upande wa mashariki na magharibi, kwa mshazari kidogo. Visiwa vyetu vimelala kaskazini na kusini. Yaani Unguja na Pemba kwa pamoja ni wando, uzio wa kunasia samaki, uliotegwa kuukinga mkondo. Kutoka Makunduchi hadi Ras Kigomasha, ukipima latitudo peke yake, ni kama kilomita 175. Kivuli cha kilomita 50 kikija upande huu hakina pa kupenya bila ya kumgusa mtu.

Kwa Unguja barabara imeshafanya nusu ya kazi: Makunduchi, Jozani, Tunguu, Bububu, Mangapwani, Mkokotoni, Nungwi. Kila kituo kinafikika kwa daladala au bodaboda, na darubini ya kioo cha milimita 114 inapakatwa bila ya shida. Kwa Pemba tuna Mkoani, Chake, Wete na Konde.

Lakini wando una tundu. Baina ya Ras Nungwi na ncha ya kusini ya Pemba kuna karibu kilomita 30 za latitudo ambazo ni maji matupu. Ami mmoja mvuvi wa Nungwi alijitolea chombo chake. "Mwanangu, mimi nitakaa hapo kati, wewe nipe hiyo darubini." Nilimshukuru kwa heshima zote. Chombo kinachoyumba hakishiki nyota, hata bahari ikiwa shwari namna gani.

Jibu liko bara. Kivuli hakitofautishi kisiwa na bara. Kinachotakiwa ni mtu akae kwenye mstari uleule wa mwendo wa kivuli, hata akiwa mbali upande wa magharibi. Kipumbwi, kusini ya Pangani, iko takriban kwenye latitudo ya tundu letu. Kwa kuwa njia za vivuli zina mshazari, kila tukio litataka kijiji chake, mara Kipumbwi, mara Pangani kwenyewe. Ila mtu mmoja wa upande ule akipatikana, tundu limezibwa.

Jambo jingine, la kuwaeleza wapya: asteroidi ikiwa juu usiku wa manane, mkabala na jua, dunia ndiyo inayoipita, na kivuli chake hukimbia kutoka mashariki kwenda magharibi. Kitatoka baharini, kipige pwani ya Jambiani au Micheweni, na sekunde kadhaa baadaye kifike bara. Kasi ni kama kilomita 12 kwa sekunde. Hakuna atakayekiona kikija, maana giza la nyota moja halitii ardhi giza.

Novemba

Vuli. Mawingu tu. Tumesoma.

Kilichowagusa watu zaidi ni habari ya Arrokoth, jiwe lililo mbali kupita Neptuni, ambalo chombo cha angani cha New Horizons kilikuwa njiani kulifikia. Julai 2017 kivuli chake kilipita Patagonia, Argentina. Katika mji wa Comodoro Rivadavia taa za barabarani zilizimwa, barabara kuu ikafungwa, na malori yakaegeshwa ili yazikinge darubini na upepo. Vituo vitano vikakipata kivuli, na kutokana na sekunde hizo chache watafiti wakashuku kwamba jiwe lile ni mawili yaliyogusana. Tarehe 1 Januari 2019 chombo kikapita karibu, na picha zikaonesha ndivyo hasa. Agosti 2018 darubini zilitandazwa Senegal kwa jiwe hilohilo, katikati ya msimu wa mvua. Maalim wa Wete akasema kama Senegal walithubutu msimu wa mvua, sisi tusilalamikie vuli.

Na bahari hii yetu ina historia yake. Pete za Uranasi ziligunduliwa Machi 1977 kwa njia hii hii, nyota ikizimika na kuwaka kabla ya sayari kuifikia na baada ya kuiacha. Darubini iliyopandishwa ndani ya ndege ilikuwa ikiruka juu ya Bahari ya Hindi, huko kusini.

Hatutafungiwa barabara na mtu. Lakini nimezungumza na masheha wa vituo vyote, kwa sababu mtu aliyekaa ufukweni saa tisa usiku na bomba lililoelekezwa juu lazima ataulizwa na polisi jamii. Sheha mmoja alitaka barua, tumeandika. Mwingine alitaka kuja kutazama, naye karibu sana.

Desemba, kaskazi imeingia

Mwezi mzima umekwenda kwenye saa.

Kwa kasi ya kilomita 12 kwa sekunde, kosa la sekunde moja linausogeza mstari wa mtu kilomita 12, yaani kutoka Darajani hadi kupita Bububu. Umbo la asteroidi likichorwa kwa makosa ya namna hiyo linatoka limepinda, na hakuna mtu atakayejua kama upindaji ni wa jiwe au wa saa zetu. Saa ya simu inayoletwa na mtandao haiaminiki kwa kazi hii. Fundi wetu wa Darajani amechukua vipande vya GPS vya bei ndogo, vile vinavyotoa mpigo kila sekunde, akaviunga na taa ndogo inayokaa mdomoni mwa darubini. Taa inawaka mwanzo na mwisho wa video kwa sekunde inayojulikana, na zilizobaki tunazihesabu picha kwa picha. Nimeona vifaa vya kununua vinavyofanya hayo kwa ustadi zaidi. Bei yake ni ya kununulia boda.

Asiye na kamera anatumia jicho na sauti: simu moja inatoa mlio wa sekunde unaofuata GPS, nyingine inarekodi, na mtazamaji anasema "imezima" na "imewaka". Ulimi huchelewa nyuma ya jicho, lakini ucheleweshaji wa mwanzo na wa mwisho ukikaribiana, urefu wa giza unabaki mzuri. Kinachopotea ni uhakika wa lini hasa lilianza.

Halafu kuna fujo la kuandika saa. Dunia nzima ya kazi hii inaandika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Sisi tunasema saa tatu usiku, simu inaandika 21:00, fomu inataka 18:00. Tumekubaliana: usiku, chukua saa ya kwetu, ongeza 15. Saa tatu inakuwa 18. Saa tisa inakuwa 24, ambayo ni sifuri. Baina ya saa sita na saa tisa usiku tarehe ya UTC bado ni ya jana, na hapo ndipo watu wanapojikwaa. Ukichanganya na desturi yetu kwamba siku inaanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwa bibi wa Mangapwani ni ule ambao ofisini wanauita Alhamisi usiku, unaweza kumpoteza mtu kwa siku nzima. Sasa kila tangazo linaandikwa "Alhamisi kuamkia Ijumaa", bila ya ufupisho. Mimi binafsi haya ya saa na tarehe hayanitishi, maana yakikosewa yanarekebishika mezani. Sekunde ikipotea haipatikani tena.

Januari 2026

Mazoezi kwa mwezi mchanga. Upande wake wa giza unameza nyota moja baada ya nyingine jioni baada ya magharibi, na nyota inapotea papo hapo, bila ya kufifia, kwa sababu mwezi hauna hewa. Ni darasa la bure. Tumelinganisha nyakati za watu waliokaa pamoja na kila mtu sasa anajua ulimi wake unachelewa kiasi gani. Vijana wana haraka, wengine wanasema "imezima" kabla. Bibi wa Mangapwani anachelewa zaidi ya wote, lakini anachelewa vilevile kila mara, na hiyo ndiyo sifa ninayoitaka.

Kuipata nyota ni kazi kuliko kuipima. Nyota zetu ni za mng'ao wa daraja la 9 hivi, haziguswi kwa macho matupu. Darubini nyingi tulizonazo zimekaa juu ya ubao unaozunguka, hazina mota. Zile chache zenye mguu wa kufuata mbingu zinataka zielekezwe kwenye ncha ya mbingu, na kwa latitudo yetu ncha ya kusini iko nyuzi 5 au 6 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi. Ya kaskazini iko chini ya ardhi.

Njia tuliyoishika ni ya kuitegea nyota. Nyota zilizo kwenye deklinesheni moja, yaani umbali uleule kutoka ikweta ya mbingu, hupita mahali palepale pa anga, moja nyuma ya nyingine. Unatafuta nyota angavu inayoitangulia yetu kwa, tuseme, dakika arubaini. Dakika arubaini kabla ya tukio unaiweka katikati ya jicho la darubini, unakaza skrubu, na hugusi tena. Nyota yetu itakuja yenyewe. Uwanja wa nyuzi moja unapitwa kwa dakika nne hivi, kwa hiyo mtu anaiona inaingia, inafika katikati wakati wa tukio, inatoka. Kaka mmoja wa Jozani anategesha darubini mbili namna hii, moja anamwachia mdogo wake, na wanapata vituo viwili kwa kichwa kimoja kilichofundishwa.

Utabiri tunauchukua kwenye programu ya OccultWatcher ya Hristo Pavlov, na hesabu za ndani zaidi kwenye Occult ya Dave Herald. Zamani utabiri wa njia ungeweza kukosea kwa upana wa kisiwa kizima na zaidi. Chombo cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kimepima mahali pa nyota kwa ustadi ambao haukuwahi kuwepo, na leo kwa asteroidi zenye njia inayojulikana vizuri unaweza kumwambia mtu wa Donge abaki na wa Tunguu asogee. Nadhani bila ya Gaia mradi kama huu kwa visiwa vidogo usingekuwa na maana.

Februari

Tukio la kwanza. Jiwe dogo, kama kilomita 20, na mashaka ya njia makubwa kuliko jiwe. Vituo vyote vya Unguja viliona nyota. Haikuzimika popote.

Grupu ilinyamaza. Kisha ujumbe kutoka Jambiani: nyota imezima sekunde moja nzima! Furaha ikawa kubwa kwa muda. Tulipoifungua video, nyota jirani nayo ilififia vilevile, kwa pamoja. Wingu jembamba. Tangu sasa ni sharti: kwenye picha lazima iwepo nyota ya pili ya kulinganisha, na asiye na nyota ya pili tukio lake halihesabiwi.

Waliovunjika moyo zaidi ni Pemba, kwa sababu utabiri uliwaweka nje kabisa ya kivuli na bado niliwaamsha. Muuguzi wa Chake, ambaye alikuwa ametoka zamu, aliniuliza kwa adabu tu: "Mwalimu, mimi nilikuwa natafuta nini?" Nikamweleza Polymele. Machi 2022 timu zilijipanga kupima asteroidi hiyo, mojawapo ya zile zitakazopitiwa na chombo cha Lucy. Vituo vingi vilivyobahatika viliona nyota ikizimwa na asteroidi yenyewe. Viwili vikaona nyota ikizimika mahali pasipostahili, na hapo ikajulikana kwamba Polymele ina mwezi wake mdogo, wa kama kilomita 5, umbali wa kama kilomita 200. Umbali huo unazidi kidogo urefu wa wando wetu wote. Mtu wa Wete aliye nje ya njia ndiye pekee anayeweza kukipata kitu kama hicho. Na Chariklo, jiwe jingine la mbali lililojulikana 2013 kuwa na pete, ilijulikana kwa sababu watu waliendelea kurekodi kabla na baada ya tukio lenyewe.

Muuguzi akasema sawa, lakini nimpe taarifa mapema apange zamu. Ni haki yake.

Ripoti ya vituo vilivyoona nyota bila ya kuzimika tumeituma kwa waratibu wa IOTA, jumuiya ya kimataifa ya wapimaji wa matukio haya, kama inavyotakiwa: longitudo, latitudo, mwinuko, darubini, muda wa kuanza na kumaliza. "Hapana" ya Tunguu inamwambia mwenye kuhesabu wapi jiwe halikupita.

Machi, Ramadhani

Niliogopa Ramadhani, na imekuwa mwezi bora kuliko yote. Tukio la saa tatu usiku linagongana na tarawehe na hakuna atakayekuja. Hilo tuliliacha lipite. Lakini tukio la saa tisa na dakika ishirini, katika kumi la mwisho, limewakuta watu wote macho, wengine wanatoka kisimamo, wengine wanapika daku. Sikumpigia simu mtu yeyote kumwamsha.

Jiwe la kilomita 55 hivi. Kivuli kilitarajiwa kaskazini ya Unguja.

Makunduchi, Jozani na Tunguu: nyota haikuzimika. Bububu: haikuzimika, ingawa taa za barabarani zilimsumbua. Mangapwani: imezima sekunde 2.5, kwa sauti ya bibi mwenyewe, na nyuma yake kwenye rekodi mjukuu anasikika akiuliza kama uji umeiva. Mkokotoni: sekunde 4.1 kwenye video, safi kabisa. Nungwi: wingu lililotoka baharini dakika chache kabla, likakaa. Mkoani, Chake, Wete: haikuzimika.

Kwenye supu ya asubuhi hakukuwa na supu, tumefunga. Tulikutana baada ya futari, tukachora.

Mistari miwili, ya kilomita kama 49 na 30. Ukingo wa kusini umeshikwa vizuri: uko baina ya Mangapwani na Bububu, na hapo ndipo kijana wa Bububu, aliyekuwa akijiona hana alichofanya, alipokuta jina lake liko kwenye mchoro sawa na la Mkokotoni. Ukingo wa kaskazini hatuna. Duara linakubali, na yai lililorefuka kuelekea Pemba nalo linakubali. Kinachoamua kiko chini ya wingu la Nungwi na ndani ya tundu lile la kilomita 30. Mistari mingine miwili tu huko ingetosha kuchagua.

Aprili, masika

Mvua kila siku. Ripoti ya Machi imetumwa. Mratibu amerudisha swali moja tu, kuhusu ucheleweshaji wa ulimi wa mtazamaji wa Mangapwani, na mazoezi ya Januari yakatupa jibu la kuandika.

Vioo vimeanza kuota madoa ya chumvi na ukungu. Tumevikusanya Darajani, vimewekwa kwenye makontena ya plastiki pamoja na mchele uliokaushwa jikoni, na ninakagua mwenyewe.

Tukio linalofuata lenye nyota ya kutosha kwa darubini zetu liko katika kusi, na njia yake inapita tena baina ya Nungwi na Mkoani. Ami wa Nungwi amekubali kuvuka na darubini hadi Kipumbwi. Ana shemeji yake kule, gesti haitahitajika. Anachotaka ni kufundishwa kuitegea nyota kabla ya pepo kukazana, na kupewa taa ya GPS isiyoshika kutu. Fundi ameanza kuitengeneza, na boksi lake analiziba kwa gundi ya mashua.